Ray Bradbury na Wasomaji wa Alhamisi

1. Hadithi za sayansi

Ziko hadithi za namna nyingi. Ziko za wanyama, kama zile za Sungura na Fisi. Ziko za wafalme na vita. Tena ziko za mabaharia na safari zao za mbali. Lakini iko namna nyingine iliyo changa kuliko hizo zote, nayo ni hadithi ya sayansi. Mwandishi wa hadithi ya namna hii huanza kwa swali. Hujiuliza, "Kama watu wangeweza kufanya jambo fulani wasiloliweza leo, dunia ingekuwaje?" Kisha hushika kalamu na kueleza mambo yote kana kwamba yamekwisha kutokea.

Mwaka 1865 Mfaransa mmoja, jina lake Jules Verne, alitoa kitabu juu ya watu watatu waliotaka kwenda mwezini. Walijifungia ndani ya kombora kubwa lenye uwazi ndani yake, wakarushwa kwa mzinga uliochimbiwa katika ardhi ya Florida, kule Marekani. Hadithi ilipendeza sana, lakini ajuaye hesabu huona mara moja ya kuwa mzinga haufai. Mtu akirushwa kwa mshindo wa namna hiyo atapondeka kabla hajatoka katika mdomo wa mzinga.

Basi likabaki swali: kama si kwa mzinga, ni kwa njia gani? Kijana mmoja wa Marekani, jina lake Robert Goddard, alisoma hadithi ya Mwingereza H. G. Wells juu ya viumbe waliotoka sayari ya Mirihi wakaishambulia dunia. Hadithi hiyo haikumtoka moyoni. Akajifunza hesabu na nguvu za vitu, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Tarehe 16 Machi 1926 akarusha roketi ya kwanza iliyoendeshwa kwa mafuta ya majimaji. Ilipaa kwa muda wa sekunde 2 na nusu tu, ikaanguka katika shamba la kabichi. Lakini miaka 43 baadaye, Julai 1969, roketi kubwa ilipaa kutoka Florida ikiwa na watu watatu, na wawili kati yao wakakanyaga mwezi.

Hivyo hadithi ya sayansi haimwambii msomaji, "Jambo hili ni kweli." Humwambia, "Fikiri!" Lakini mtu afikiriye peke yake hupotea upesi, au huchoka. Kwa hiyo yafaa kujua habari za kijana aliyepata wenzake wa kufikiri pamoja naye.

2. Mtoto aliyerarua karatasi zake

Ray Bradbury alizaliwa tarehe 22 Agosti 1920 katika mji mdogo wa Waukegan, katika jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa nyaya za simu. Tangu utoto Ray alipenda mno hadithi za nyota na sayari. Alipokuwa na umri wa miaka 9, gazeti lilikuwa likitoa kila siku hadithi ya picha juu ya mtu mmoja aliyeitwa Buck Rogers, aliyeishi katika wakati ujao. Ray alizikata picha hizo moja moja, akaziweka kama mtu awekavyo akiba ya fedha.

Wenzake wa shuleni walipojua, walimcheka. Walimwuliza maana ya kuweka mambo ya upuuzi ambayo hayako wala hayatakuwako. Ray aliona haya. Akaenda nyumbani, akazichukua picha zake zote, akazirarua.

Siku zilipita, lakini furaha haikumrudia. Hata siku moja alijikuta analia, akajiuliza sababu. Ndipo alipotambua ya kuwa alichokirarua hakikuwa karatasi tu, bali kitu alichokipenda kuliko vyote. Tena akaona ya kuwa watu wale waliomcheka hawakuwa rafiki zake. Basi akaanza kukusanya upya, wala hakujali tena maneno ya watu.

Jambo hili lafaa kuangaliwa vema. Mwenzi wa kusoma aweza kuiwasha taa ya mwenzake, tena aweza kuizima kwa pumzi moja. Ray aliwapata kwanza wazimaji wa taa. Ilimpasa kungoja miaka minane kabla ya kuwapata wawashaji.

3. Chama cha Alhamisi

Katika miaka ile kazi zilikuwa haba sana katika nchi ya Marekani, na watu wengi walihamahama wakitafuta riziki. Mwaka 1934 jamaa ya Bradbury walihamia mji mkubwa wa Los Angeles, upande wa magharibi. Ray alisoma huko hata akamaliza shule mwaka 1938. Wenzake wengine walikwenda chuo kikuu, lakini yeye hakuweza, maana nyumbani hapakuwa na fedha za ada. Akasimama pembeni mwa barabara akiuza magazeti.

Lakini mlango mmoja haukuhitaji ada, nao ulikuwa mlango wa maktaba ya watu wote. Ray akaingia. Kwa muda wa miaka 10 alikwenda maktaba siku 3 katika kila juma, akasoma hadithi, mashairi, michezo na habari za zamani. Baadaye katika maisha yake alipenda kuwaambia watu ya kwamba yeye alilelewa na maktaba.

Hata hivyo maktaba ni mahali pa kimya. Kitabu humwambia msomaji mengi, lakini msomaji akitaka kubishana nacho, hakimjibu. Kwa hiyo Ray alihitaji kitu cha pili, nacho alikipata mwaka 1937, alipokuwa na umri wa miaka 17. Katika Los Angeles kilikuwako chama cha wapenzi wa hadithi za sayansi, kilichoanza mwaka 1934. Wanachama walikutana siku ya Alhamisi usiku katika mkahawa mmoja ulioitwa Clifton's. Mkahawa huo ulisifiwa sana wakati ule wa shida, kwa sababu mwenye njaa hakufukuzwa hata akiwa hana kitu mfukoni. Ilikuwa pahali pafaapo kwa vijana maskini wenye maneno mengi.

Huko walizungumza juu ya vitabu na magazeti mapya yaliyotoka. Walibishana pia wakaazimana vitabu, hata kitabu kimoja kilichonunuliwa na mtu mmoja kikasomwa na wengi. Walikuwa na gazeti lao dogo, walilolipiga chapa wenyewe. Mwaka 1938 gazeti hilo lilitoa hadithi ya Ray. Haikuwa nzuri, na Ray mwenyewe alikiri hivyo baadaye, lakini ilikuwa hadithi yake ya kwanza kusomwa na watu wasio wa nyumbani kwake.

Isidhaniwe ya kuwa Ray alikuwa mwanachama mpole. Alikuwa na kelele nyingi na mizaha isiyokwisha, hata wengine walichoka naye kabisa. Lakini hawakumfukuza. Waliona ya kuwa chini ya zile kelele palikuwa na mtu apendaye kusoma kwa moyo wake wote.

4. Wenzi wasaidianao

Mwaka 1939 ilitangazwa habari ya mkutano mkubwa wa wapenzi wa hadithi za sayansi, utakaofanyika mwezi wa Julai katika mji wa New York. Kutoka Los Angeles hata New York ni safari ya kukata nchi nzima, kutoka bahari hata bahari. Ray hakuwa na nauli. Mwanachama mwenzake, Forrest Ackerman, akamkopesha fedha, naye akasafiri kwa basi.

Hakwenda mikono mitupu. Rafiki yake Hannes Bok alikuwa mchoraji hodari, lakini alikuwa maskini kama yeye, asiweze kusafiri. Ray akazichukua picha za Bok, akazipeleka kwa wenye magazeti huko New York, akawaonyesha. Mmoja wao alipendezwa nazo, na tangu hapo Bok akaanza kupata kazi ya kuchora katika magazeti. Hivyo aliyekopeshwa nauli akawa mchukuzi wa bahati ya mwenziwe. Penye chama cha kweli fadhila haikai mahali pamoja. Hupita mkono kwa mkono.

Aliyemsaidia Ray zaidi katika kazi ya kuandika alikuwa mwanamke, jina lake Leigh Brackett, naye alikuwa amekwisha kuuza hadithi zake kwa magazeti. Siku za Jumapili Ray alimwendea pwani ya Santa Monica akiwa na hadithi mpya mkononi. Brackett alizisoma, akamwonyesha mahali palipo pazuri na mahali palipoharibika. Hakumcheka, wala hakumsifu bure. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana na kufanana: kucheka kazi ya mtu, na kuisahihisha. Achekaye huondoka akiwa ameridhika nafsi yake. Asahihishaye huondoka akiwa amempa mwenziwe kitu.

Matunda yalikawia, lakini yalikuja. Mwaka 1941 Ray aliuza hadithi yake ya kwanza kwa gazeti, aliyoiandika pamoja na mwenziwe mmoja. Walilipwa dola 27 na senti 50, wakagawana nusu kwa nusu. Baada ya miaka michache Brackett alikuwa akiandika hadithi ndefu juu ya sayari ya Zuhura, mara akaitwa kwenda kuandika mchezo wa sinema. Hadithi ilikuwa imefika katikati tu. Akampa Ray aimalize, naye akaimaliza, ikatolewa mwaka 1946 kwa majina yao wote wawili. Aliyekuwa akisahihishwa jana, leo alikabidhiwa kazi ya mwalimu wake.

5. Vitabu viwili vya Bradbury

Mwaka 1950 Bradbury alitoa kitabu kilichomletea sifa kubwa, kiitwacho The Martian Chronicles. Ndani yake watu wa dunia wanahamia sayari ya Mirihi. Katika kitabu hicho mtu aweza kuvuta pumzi huko Mirihi, na iko mifereji ya kale na miji ya wenyeji. Lakini mwaka 1965 chombo cha Marekani kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha. Haikuonekana mifereji wala miji, bali nchi kavu yenye mashimo mengi. Tena hewa ya huko ni nyembamba sana, mkandamizo wake haufikii hata sehemu moja katika mia ya mkandamizo wa hewa yetu, nayo haifai kwa pumzi ya mtu.

Je, kitabu hicho kitupwe? La. Si ramani ya Mirihi, wala mwandishi hakudai kuwa ni ramani. Ni kitabu juu ya watu: jinsi wafikavyo katika nchi ngeni, wakawadharau wenyeji, wakaharibu kabla hawajafahamu. Habari hiyo ni ya kweli hata kama Mirihi yenyewe haina mfereji hata mmoja. Basi msomaji mwenye busara hupima mambo mawili mbali mbali: Sayansi ya kitabu hiki ni sahihi? Na neno lake juu ya wanadamu ni la kweli?

Kitabu cha pili kilitolewa mwaka 1953, kwa jina la Fahrenheit 451. Wakati alipoanza kuiandika hadithi yake, Bradbury alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, asipate utulivu. Akashuka katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, palipokuwa na mashine za kupiga chapa za kukodi. Mtu alitia senti 10, akaitumia mashine kwa nusu saa. Bradbury alitumia dola 9 na senti 80 hata akamaliza andiko la kwanza.

Hadithi yenyewe ni juu ya nchi ambayo kazi ya wazima moto si kuzima moto, bali kuchoma vitabu. Mtu mmoja wao aanza kusoma kwa siri, na mwisho akimbia. Huko porini awakuta watu ambao kila mmoja amekishika kitabu moyoni mwake, ili kisipotee. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa sana, kwa kuwa wako wazee wa kwetu wawezao kughani utenzi mrefu bila kuangalia karatasi. Watu wale wa porini ni chama cha wasomaji kisicho na kitabu hata kimoja cha karatasi, lakini vitabu vyao vi hai, kwa sababu wako pamoja.

Bradbury alifariki tarehe 5 Juni 2012. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity kilitua juu ya Mirihi. Tarehe 22 Agosti, ambayo ni siku aliyozaliwa Bradbury, wataalamu walipaita mahali kilipotua kwa jina lake.

6. Vitabu vipya

Mtu asidhani ya kuwa hadithi hizi ni mali ya watu wa kale, au ya Wazungu peke yao. Ule mkutano ulioanza New York mwaka 1939 ukawa mkutano wa kila mwaka, isipokuwa miaka michache ya vita, na tangu mwaka 1953 hutolewa huko tuzo iitwayo Hugo. Wachaguao washindi si waamuzi wachache waliojifungia chumbani. Ni wanachama wenyewe, yaani wasomaji.

Mwaka 2016 wasomaji hao walimpa tuzo Nnedi Okorafor, mwanamke aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Nigeria, kwa riwaya fupi aliyoitoa mwaka 2015. Jina la kitabu hicho ni Binti, na kila asemaye Kiswahili ajua maana yake. Chaeleza habari za msichana wa kabila la Himba, ambao kwao ni kusini mwa Afrika, katika nchi ya Namibia na jirani yake. Msichana huyo ni hodari wa hesabu, hata anapata nafasi katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, ambako hakuna mtu wa kabila lake aliyekwenda kabla yake. Jamaa zake hawapendi aondoke. Yeye aondoka usiku, amejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kama ilivyo desturi ya wanawake wa Himba. Udongo ule wa kwao ndio umfaao alipokuwa katika hatari kubwa mbali na dunia. Asomaye habari hiyo atajiuliza: Je, yampasa mtu kuacha ya kwao ili apate elimu mpya, au aweza kuvichukua vyote viwili?

7. Jinsi ya kuanza chama

Chama cha wasomaji hakihitaji jengo wala fedha nyingi. Watoto 6 wenye kitabu kimoja watosha. Wachague siku moja katika juma, nao waishike siku hiyo, mvua na jua. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mwingine apokee. Sura moja kwa siku yatosha, maana haba na haba hujaza kibaba.

Sura ikiisha, kila mtu ajibu maswali matatu. La kwanza: Ni jambo gani katika sura hii lisilowezekana leo? La pili: Lingewezekanaje, na nini kinalizuia? Hapa mwenye kujua hesabu au elimu ya viumbe awafundishe wenziwe, na wasipojua wote, wamwendee mwalimu, kwa kuwa kuuliza si ujinga. La tatu: Kama lingewezekana, nani angefaidika, na nani angeumia?

Ziko na sheria mbili za kushikwa na wote. Kwanza, asicheke mtu akipendacho mwenzake. Pili, asisifu mtu kazi mbaya kwa sababu ya urafiki. Sheria ya kwanza yalinda furaha, na ya pili yalinda ukweli. Chama kikosacho moja katika hizo hakidumu. Ama watu wake watakimbia, ama watakaa bila kujifunza neno.

Na aliyekwisha soma kitabu asikifungie sandukuni. Akiazime, na mwenye kuazima akirudishe safi kama alivyokipokea. Kitabu kisomwacho na mtu mmoja ni kama taa iliyofunikwa kwa chungu. Kikisomwa na kumi, chumba kizima huona.

Maswali

1. Kwa nini mzinga wa Jules Verne haukufaa kupeleka watu mwezini? Ni chombo gani kilichofaa?
2. Kwa nini Ray alizirarua picha zake, na alitambua nini baadaye?
3. Maktaba ilimpa Ray nini? Chama kilimpa nini ambacho maktaba haikuweza kumpa?
4. Eleza tofauti kati ya kucheka kazi ya mtu na kuisahihisha. Toa mfano wako mwenyewe.
5. Mashine ya kupiga chapa ilidai senti 10 kwa kila nusu saa. Bradbury alilipa dola 9 na senti 80. Dola moja ni senti 100. Je, aliitumia kwa saa ngapi?
6. Andika mwanzo wa hadithi ya sayansi ya kijiji au mtaa wako. Anza kwa maneno haya: "Kama watu wangeweza . . ." Kisha umsomee mwenzako, naye akusahihishe.